Karabai nne, usiku mmoja, lita ngapi? Piga hesabu kabla giza halijaanza

 

Najua wengine mtasema, "Huyu bwana shamba, leo kaingia kazi ya bwana samaki." Sawa, nakubali. Lakini huku kwetu Ilemela, ukitoka Igombe ukaenda Sangabuye hadi Kayenze, mtu yuleyule mwenye ekari moja ya mihogo na kuku hamsini ndiye mwenye mtumbwi wa dagaa. Asubuhi ananiuliza dawa ya mdondo, jioni ananiuliza kwa nini mafuta ya karabai hayafiki alfajiri. Siwezi kumwambia swali la kwanza ni langu na la pili si langu. Halafu hela ya chakula cha kuku inatoka kwenye dagaa, na dagaa wenyewe ndio protini ya chakula cha kuku. Kwa hiyo ni habari moja.

Leo tuangalie namna ya kukadiria mafuta ya taa za usiku: karabai ya mafuta ya taa, na zile taa za gesi zinazofungwa juu ya mtungi mdogo. Mwishoni nitagusa betri na sola kwa sababu watu wengi wananiuliza.

Nianze na kisa.

Mama mmoja wa Kayenze ana mtumbwi na karabai nne. Kila jioni anapima lita 5 za mafuta ya taa, anamkabidhi kijana wa taa. Kipimo chake ni lita moja na robo kwa kila taa, alichoachiwa na marehemu mumewe, na miaka yote kilitosha. Taa zinawashwa saa mbili usiku, zinakwenda mpaka saa kumi na nusu hivi, mtego wa mwisho unavutwa, watu wanarudi. Sasa mwaka jana ikaanza: saa tisa usiku mafuta yamekwisha. Mtumbwi unarudi mapema, dagaa pungufu. Mama akauliza, kijana akasema, "Mama, taa zinakula." Mama akasema taa hazina mdomo.

Akamkata. Lita moja kila usiku, siku 14, kwenye mgao wake. Na nyie mnajua mgao wa mtumbwini unavyokuwa: kwanza yanatolewa mafuta na gharama za safari, kinachobaki ndio kinagawanywa kati ya mwenye chombo na wavuvi. Kwa hiyo mafuta yakizidi, hayamuumizi tajiri peke yake, yanamuumiza kila aliyevuta nyavu. Wenzake wakaanza kumwangalia yule kijana kwa jicho baya. Siku ya 15 hakuja kazini.

Mimi nilikuwa nimeenda kuchanja kuku pale. Mama akanisimulia huku nashika kuku. Nikamwambia, "Mama, kabla hatujamwita mtu mwizi, tuzipime hizo taa." Akaguna. Lakini akazileta.

TULIVYOPIMA

Kila taa, ikiwa tupu na imepoa, tulimimina lita moja kamili. Tukazipampu, tukaziwasha zote kwa pamoja nje ya nyumba, mahali pasipo na upepo, tukaziacha saa 3 kamili. Tukazima, tukafungua kile kiskrubu cha kutoa upepo, tukasubiri zipoe kabisa. Kisha tukamimina kilichobaki kwenye chupa kupitia faneli, na kupima kwa bomba la sindano la mifugo (jipya, si la chanjo). Bomba la mililita 20 linatosha, ni uvumilivu tu.

Taa ya kwanza ilikuwa imekula mililita 420. Ya pili 450. Ya tatu 630. Ya nne 690.

Gawanya kwa saa 3: ya kwanza 140 kwa saa, ya pili 150, ya tatu 210, ya nne 230. Jumla mililita 730 kwa saa. Sasa chukua lita 5, yaani mililita 5,000, gawanya kwa 730. Unapata saa 6 na dakika 50 hivi. Anza saa mbili usiku, hesabu saa sita na dakika hamsini mbele. Unafika saa tisa kasoro dakika kumi.

Mama alinyamaza. Akarudia hesabu mwenyewe kwenye simu yake. Akapata vilevile.

Kama taa zote nne zingekuwa nzima kama zile mbili za kwanza, yaani wastani wa 145, jumla ingekuwa 580 kwa saa, na lita 5 zingekwenda saa 8 na nusu na kidogo. Saa mbili usiku mpaka saa kumi na nusu. Kipimo cha marehemu kilikuwa sahihi kabisa. Kilichobadilika ni taa, na kila mtu alikuwa anaangalia kijana.

KWA NINI TAA INAKULA ZAIDI

Karabai haichomi mafuta kwa utambi kama kibatari au chemli. Pampu inatia upepo kwenye tangi, upepo unasukuma mafuta juu kwenye bomba jembamba, bomba limeshapata moto, mafuta yanageuka mvuke. Mvuke unatoka kwa kasi kwenye tundu dogo la nozo, unavuta hewa, unachanganyika nayo na kuwaka ndani ya kile kifuko cha nyuzi. Mwanga ule mweupe si wa moto wenyewe, ni wa kile kifuko kilichopata joto kali. (Ni ugunduzi wa zamani: Carl Auer von Welsbach wa Austria alipata hati yake mwaka 1885, na karabai za Petromax za Ujerumani zilianza karibu mwaka 1910. Tunachotumia mwaloni leo ni wajukuu wa taa hizo.)

Sasa kila kitu kinategemea lile tundu. Ni dogo kuliko ncha ya pini. Kila siku unapolisafisha kwa sindano yake unalikwangua kidogo, na vijana wengi sindano ikipotea wanatumia waya wa breki ya baiskeli. Hapo ndo mwisho wa nozo. Tundu likipanuka mafuta yanapita mengi kuliko hewa inayovutwa. Matokeo yake unalipa mara mbili: mafuta yanaisha haraka, na mwanga unapungua, kwa sababu moto usiopata hewa ya kutosha hauna joto la kuwasha kifuko vizuri. Utaona mwanga wa njano badala ya mweupe, moshi, na masizi meusi kwenye kifuko. Ukiona hivyo wala usihangaike na bomba la sindano, badilisha nozo kwanza.

Zile mbili za mama zilikuwa hivyohivyo, za njano. Watu walizoea, wakadhani ni uzee wa kioo.

Sababu nyingine ni kupampu kupita kiasi. Kijana anataka mwanga mkali, anapampu mpaka mkono unauma. Mwanga unaongezeka kidogo, mafuta yanaongezeka zaidi. Taa nyingi zina geji ndogo yenye mstari mwekundu. Kama yako haina geji inayofanya kazi, hesabu pampu ulizozipiga siku ya kupima na uzirudie hizohizo ziwani.

Ukitaka kipimo cha kuanzia kabla hujapima taa yako: karabai kubwa ile ya mishumaa 500 kwa maelezo ya mtengenezaji huwa inatumia lita moja kwa saa 8, yaani mililita 125 kwa saa. Hiyo ni taa mpya, mafuta safi, haina upepo. Huku kwetu mimi naanzia 150. Ikizidi 180, kuna ugonjwa.

SAA NGAPI? MUULIZE MWEZI

Hapa ndipo watu wengi wanakosea, hata wale wanaojua taa zao zinakula kiasi gani. Wanazidisha kwa siku za giza, basi. Siku 18 mara saa 9. Lakini usiku wote si sawa.

Dagaa wanafuata mwanga, na mwanga wako ukishindana na mbalamwezi unashindwa. Wavuvi wote wanajua hilo, ndiyo maana mwezi ukiwa mpevu mitumbwi inapumzika pwani na nyavu zinashonwa. Kinachosaidia kwenye hesabu ni kujua kwamba mwezi unachelewa kila siku kwa dakika 50 hivi. Ukipevuka, unatoka jua linapozama na unakaa usiku kucha. Siku tatu baadaye unatoka kama saa mbili na nusu baada ya jua kuzama, yaani kwenye saa tatu na robo usiku. Una giza la saa mbili tu, sidhani kama ni la kuchomea mafuta. Siku saba baada ya kupevuka, mwezi unatoka karibu saa sita usiku: una nusu ya kwanza ya usiku. Kisha unaingia kwenye giza lenyewe, kama siku nne kabla na nne baada ya mwezi kuandama, ambapo mwezi ni kama haupo, na hata ukiwepo ni ukucha tu. Baada ya hapo mambo yanageuka: mwezi uko juu jioni, unazama usiku. Siku ya saba tangu uandame unazama karibu saa sita usiku, na wewe unawasha taa baada ya hapo mpaka alfajiri.

Kwa hiyo mwezi mzima wa mvuvi naupigia hivi: siku 9 za giza kamili, saa 9 kila usiku, ni saa 81. Siku nyingine 9 za giza nusu, wastani saa 5, ni saa 45. Jumla saa 126. Ukizidisha kijinga siku 18 mara saa 9 unapata 162. Tofauti ni saa 36 za taa ambazo hutaziwasha, lakini ulishazinunulia mafuta, yanakaa kwenye dumu, na dumu lililokaa lina marafiki wengi.

Kama mna desturi ya kuvua mpaka saa saba usiku tu, au mnakwenda mbali kiasi kwamba saa moja inapotea njiani, weka saa zenu. Usichukue za kwangu.

SASA HESABU YENYEWE

Mililita kwa saa za taa zote, mara saa za mwezi, halafu ongeza sehemu ya kumi kwa ajili ya kumwagika, kupasha taa moto wakati wa kuwasha, na ile siku ambayo upepo unazima taa mara tatu.

Kwa mama, taa zikiwa nzima: 580 mara 126 ni mililita 73,080, sema lita 73. Ongeza sehemu ya kumi, lita 80. Kwa taa mbovu: 730 mara 126 ni lita 92, ukiongeza ni lita 101. Tofauti ni lita 21 kila mwezi. Bei ya mafuta inabadilika, EWURA wanatangaza bei kikomo mpya kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, kwa hiyo weka ya mwezi wako. Lakini tukichukulia kwa mfano shilingi 3,500, hiyo ni 73,500 inayotoka moshi mweusi. Nozo mbili tulizinunua Kirumba kwa hela ndogo kuliko mafuta ya usiku mmoja.

Na kama kambi yako iko kisiwani, iwe Bezi au mbali zaidi, piga hesabu kwa bei ya huko, si ya kituo cha mjini. Dumu likivuka maji linapanda bei. Ndiyo maana kukadiria vizuri kuna faida zaidi kwa mtu wa kisiwani: aliyepungukiwa katikati ya giza ananunua kwa bei atakayopewa.

NENO KUHUSU MAFUTA YENYEWE

Hili silipiti haraka. Mwaka 2011 serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili bei yake ikaribiane na ya dizeli, kwa sababu watu walikuwa wanachanganya mafuta ya taa kwenye dizeli na petroli. Uchanganyaji ule uliharibu injini. Lakini wa upande wa pili ndio unaoua: petroli kidogo ndani ya mafuta ya taa. Kwenye karabai yenye upepo na joto, petroli inageuka mvuke kabla ya wakati, na tangi linaweza kulipuka mkononi mwa mtu.

Na mara nyingi si muuzaji. Ni sisi. Mtumbwi una injini ya petroli na karabai za mafuta ya taa, na vyote vimo kwenye madumu ya njano yanayofanana, usiku, watu wamechoka. Paka rangi nyekundu dumu la petroli, lote, si alama ndogo kwenye mfuniko maana mfuniko hubadilishana. Liweke nyuma kwenye injini na la taa liweke mbele. Na usijaze karabai inayowaka au yenye moto bado, hata kama dagaa wamejaa chini yake.

Vile vifuko vya nyuzi, ukivibadilisha, usipulize majivu yake wala usivute pumzi juu yake. Vya zamani vina madini ya thoriamu yenye mionzi kidogo. Vikunje kwenye karatasi, nawa mikono.

TAA ZA GESI

Naziona zaidi kambini na kwenye mabanda kuliko ziwani. Ni taa inayofungwa moja kwa moja juu ya mtungi wa kilo 6, ina kifuko kama cha karabai lakini haina pampu. Mtungi wenyewe ndio una msukumo. Wazungu wanaokwenda kupiga kambi porini wana za kwao ndogo zenye kikopo cha propeni cha nusu kilo. Ni kitu kilekile.

Kukadiria gesi ni rahisi kuliko mafuta kwa sababu gesi inapimwa kwa kilo, na sisi watu wa dagaa tuna mizani. Kwenye kola ya mtungi kuna namba ya uzito wa mtungi mtupu. Pima mtungi wako, toa uzito huo, kinachobaki ni gesi. Ukinunua, mwambie muuzaji aupime mbele yako kwa mtindo huohuo.

Kisha soma kibandiko cha taa. Kikiandika gramu kwa saa, umemaliza. Kikiandika kilowati, zidisha kwa 75 upate gramu kwa saa. Kikiandika BTU (za Marekani huwa hivyo), gawanya kwa 47. Taa yenye BTU 2,400 kwa saa inakula kama gramu 51. Kama haina kibandiko, washa usiku mmoja, pima mtungi kabla na baada. Taa nyingi za kifuko kimoja au viwili ziko kati ya gramu 35 na 60 kwa saa zikifunguliwa zote.

Kwa gramu 50, mtungi wa kilo 6 unawaka saa 120. Taa nne kwa saa 126 zetu: 50 mara 4 mara 126 ni gramu 25,200, kilo 25 na kidogo, yaani mitungi mitano ya kilo 6. Ukilinganisha na lita 80 unaona gesi ni rahisi mno, unataka kukimbia dukani.

Subiri kwanza. Lita 73 za mafuta ya taa ni karibu kilo 58, kwa sababu lita moja ina uzito wa gramu 800 hivi. Kilo 25 za gesi haziwezi kutoa mwanga wa kilo 58 za mafuta, kwa kuwa kilo kwa kilo nguvu zao hazipishani sana na zote mbili zinatumia kifuko kilekile. Taa ile ya gesi ni hafifu kuliko karabai, basi. Ukitaka mwanga ule wa kuita dagaa utahitaji karibu taa mbili za gesi kwa kila karabai moja, na mitungi yako inakuwa tisa. Fanya hesabu ya bei hapo, siyo kabla. Kwa kambini, ambako unataka tu kuona sufuria na kushona nyavu, taa moja ya gesi inatosha na ina heri yake: haina pampu, haina moshi.

Gesi ya kwetu ni mchanganyiko wa propeni na buteni. Nchi za baridi wanasumbuka kwa sababu buteni ikikaribia nyuzi joto sifuri haitoki kwenye mtungi, ndiyo maana wao wanapenda propeni tupu. Mwanza hatuna shida hiyo. Ila ukiona mtungi umetoa jasho na mwanga unashuka, ni kwamba gesi inatoka haraka na mtungi umepoa, punguza kidogo. Kujua imebaki kiasi gani bila mzani, mwagia maji ya moto kidogo ubavuni mwa mtungi, subiri, pitisha kiganja. Penye baridi ndipo gesi ilipo.

Ziwani siipendekezi sana. Mawimbi yanavunja vifuko, na mtungi unaovuja mtumbwini gesi yake inashuka chini, inakaa kwenye mbao za sakafu inasubiri mtu awashe sigara.

BANDA LA VIFARANGA

Hapa narudi nyumbani kwangu. Wengi mnawasha karabai kwa ajili ya joto la vifaranga. Inafaa: karabai ya mililita 145 kwa saa inatoa joto la kama wati 1,400, ni kama jiko la umeme. Wiki ya kwanza vifaranga wanataka nyuzi joto 32 hadi 35, kisha unapunguza kama nyuzi 3 kila wiki. Usiku wa saa 12 ni lita 1.7. Wiki ya kwanza mpaka ya tatu, siku 21, ni lita 37. Ndiyo, ni nyingi. Wengi wakipiga hesabu hii wanarudi kwenye jiko la mkaa.

Chochote utakachotumia, iwe gesi, karabai au mkaa, acha hewa ipite juu. Moto ndani ya chumba kilichozibwa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Itaua vifaranga, na mkulima anayelala humohumo "kulinda joto" naye hataamka. Vivyo hivyo hema la kambini.

BETRI NA SOLA

Kwa ufupi, kwa sababu linataka makala yake.

Lita moja ya mafuta ya taa ina nguvu karibu uniti 10 za umeme, zilezile unazonunua LUKU. Lita 5 kwa usiku ni uniti 50. Sehemu ndogo sana inakuwa mwanga, nyingine yote ni joto linalopasha ziwa. Taa nzuri ya LED ya wati 12 inashindana na karabai. Kwa saa 9 inakula wati-saa 108. Taa nne 432, haifiki hata nusu uniti.

Kila taa ikiwa kwenye kielea chake inahitaji betri yake. Wati-saa 108 kwa volti 12 ni Ah 9. Kama ni betri ya asidi usiimalize zaidi ya nusu, kwa hiyo chukua ya Ah 18. Nimeona mtu kanunua za Ah 7 kwa sababu zilikuwa bei nafuu. Miezi mitatu zimekufa, na sasa anawaambia watu sola ni utapeli. Kuzichaji zote nne kwa siku, kwa jua letu la kama saa 5 zenye nguvu na upotevu wa njiani, weka paneli ya wati 120 hivi. Gharama ya kuanzia ni kubwa. Ilinganishe na lita 80 za kila mwezi na utaona unalipa miezi mingapi.

Yule mama bado yuko kwenye karabai. Anasema akimaliza ada ya mtoto atafikiria LED. Alibadilisha nozo, na lita 5 zinafika saa kumi na nusu kama zamani. Kijana alikuwa ameshapata mtumbwi mwingine upande wa Ukerewe, hakurudi. Mama alipeleka hela ya zile lita 14 kwa mama yake, ambaye wanasali pamoja. Hakuniambia walizungumza nini, nami sikuuliza.

Jumanne nitakuwa Kayenze kwa chanjo ya mdondo, asubuhi. Mwenye karabai yenye mwanga wa njano aje nayo, tangi likiwa tupu na taa imepoa, na lita moja ya mafuta pembeni. Bomba la sindano ninalo.